Mahindi ya Utepe Mwekundu

Zamani mmea ulipokosa maji uliinamisha kichwa, na mtu akaitwa aje na ndoo. Siku hizi mmea ukikosa maji, anayeitwa ni profesa, na mtu wa ndoo huambiwa akae mbali.

Mtu wa ndoo katika habari hii alijulikana kwa jina la Mzee Mpira. Wageni walidhani aliwahi kusakata kabumbu, wakaitazama miguu yake iliyopinda wakabaki kushangaa. Mpira wenyewe ulikuwa ule wa maji, mrefu, wa kijani, uliojaa viraka alivyovikata kutoka kwenye matairi mabovu ya baiskeli na kuvibana kwa waya. Maisha yake yote ya kazi aliuburuta mpira huo katika kituo kimoja cha utafiti wa mazao, kutoka kitalu hiki hadi kile, na jioni aliuviringa mwenyewe na kuutundika ukutani. Ole wake mtu aliyeukanyaga.

Alifundishwa kazi na bwana bustani wa kwanza wa kituo, mtu mkali asiyekuja kazini na kalamu bali na makasi ya kupogolea, ambaye alifundisha kila kitu kwa kufoka. Alifoka juu ya kuingiza kidole udongoni kabla ya kufungua bomba. Alifoka juu ya kulowanisha majani wakati wa jua kali. Na lipo jambo moja alilolihesabu kuwa adabu ya nyumba yoyote ya vioo ya kukuzia miche: jua likifika utosini, vuta chandarua cha kivuli, kisha mwaga maji sakafuni, pembe hadi pembe, mpaka saruji itoe harufu. Hiyo waliita kuipoza nyumba. Bila hivyo, alisema bwana bustani, miche hupata homa mchana na jioni unazika.

Bwana bustani alikufa, na nafasi yake haikujazwa. Sasa kituoni kuna mratibu, kuna naibu mratibu, kuna mtaalamu wa takwimu na mtaalamu wa kumsaidia mtaalamu wa takwimu. Lakini mtu wa kuingiza kidole udongoni, umtafute kwa tochi. Wote hao walipita mlangoni pa nyumba ya vioo wakamwona Mzee Mpira akiipoza, mwaka nenda mwaka rudi, wala hapana aliyeuliza anafanya nini. Walimwona kama wanavyoliona dirisha.

Miongoni mwa wasomi wa kituo alikuwemo binti wa marehemu mdogo wake. Huyu Mzee Mpira alimlea mwenyewe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Baba yake alipofariki hakikuitishwa kikao cha kuamua nani amchukue. Baba mkubwa yupo, basi mtoto ana baba, yamekwisha. Leo wangefungua kwanza kundi la simu, wachague mwenyekiti na mweka hazina, halafu mmoja baada ya mwingine atoe udhuru.

Binti alisoma mpaka ndugu wakachoka kuuliza yuko darasa la ngapi. Sasa alikuwa akitafuta shahada ya udaktari, ule udaktari usiomtibu mtu, na majaliwa yalimleta afanyie majaribio yake palepale kwenye nyumba ya vioo ya baba yake mkubwa. Mzee alivimba kichwa. Alimpisha mlangoni kama anavyopishwa bibi harusi, kisha akamgeukia mlinzi wa geti na kumwambia, “Umemwona? Huyo mimi nimemfuta kamasi.”

Lakini mambo ya binti hayakuwa mazuri. Jaribio lake la kwanza liliteketezwa na viwavi. La pili lilikwenda vizuri mpaka umeme ukakatika, friji ikazima, na majani aliyoyahifadhi yakageuka mchuzi kabla hayajapimwa. Wafadhili walimwongeza msimu mmoja, wakamwambia bila kumung'unya maneno kwamba ndio wa mwisho. Ukimponyoka na huo, anafunga virago, na miaka yake yote inakwenda na maji. Jambo hilo Mzee Mpira alilijua, na lilimkosesha raha kuliko lilivyomkosesha mwenyewe.

Asubuhi moja binti alimkuta ameshafungua bomba.

“Shikamoo baba mkubwa. Funga kwanza.”

“Marahaba mama. Mbona sura imekukaa kama umemeza ndimu na maganda yake?”

“Nataka tuelewane vizuri. Unaziona hizi ndoo nyeusi za mahindi? Zenye utepe mweupe zimwagilie kama siku zote. Zenye utepe mwekundu usizipe hata tone.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nitakaposema.”

“Zimekosa nini?”

Binti akacheka. “Hazijakosa kitu. Nataka zisikie kiu.”

“We mtoto! Nani amekufundisha ukatili?”

“Serikali,” binti akajibu, kisha akavuta ndoo tupu, akaigeuza na kuikalia, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa msichana mdogo anamsubiri baba mkubwa amalize kazi. “Kaa nikueleze. Ndani ya kila mmea kuna jeni. Ni maagizo, yanauambia mmea ufanye nini na lini. Sasa hizo jeni zina koo. Ukoo mmoja unaweza ukawa na jeni zaidi ya mia, zote zinafanana, maana asili yao ni jeni moja ya kale iliyojinakili, nakala nayo ikanakiliwa, hivyo hivyo mpaka leo. Baadaye kila nakala ikashika kazi yake.”

“Wanaitwa nani?”

“Hawana majina. Wana herufi na namba.”

“Kama magari.”

“Haya, kama magari. Ukoo ninaoufuata mimi ni wa waamshaji. Ukame ukiingia, baadhi yao wanaamka, wanawaamsha jeni wengine: nyie zibeni matundu ya majani maji yasipotee, nyie shughulikieni mizizi, nyie tengenezeni vitu vya kulinda mmea usikauke ndani. Waliobaki hawashtuki, wanakoroma tu.”

“Katika mia nzima, wanaoamka ni wangapi?”

“Ndilo swali langu hilo! Katika hii mbegu ya kienyeji nadhani wanaamka wengine, si wale wa kwenye mbegu ya dukani. Nikiwajua, wazalishaji wa mbegu watakuwa na pa kuanzia.”

Mzee Mpira alijikuna kidevu. “Na mkubwa wa ukoo ni yupi?”

“Hakuna mkubwa.”

“Ukoo hauna mkubwa. Wachache wanahangaika, waliobaki wanakoroma. Mama, umehangaika kuwatafuta kwenye mahindi bure. Hao ni sisi.”

Binti alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee hakucheka. Neno moja moja alilielewa. Yakikaa pamoja yalimponyoka. Kama mbegu ya kienyeji inajua kuvumilia, ya nini kuitesa ili ithibitishe? Na hao waamshaji, nani anawaamsha wao? Aliona haya kuuliza zaidi, maana binti alishasimama na kuanza kufunga tepe.

Basi akaishika amri. Kila asubuhi alizimwagilia ndoo za utepe mweupe moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye meza za utepe mwekundu aliukunja mpira katikati ili hata mchirizi usitoke, akapita huku ameangalia pembeni, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jamaa aliyemnyima chakula. Alizoea kuzungumza na miche. Kwa hawa alikosa la kusema.

“Mzee Mpira,” mlinzi wa geti akamwita, kinywa kimejaa kicheko, “nasikia umepandishwa cheo. Eti siku hizi unalipwa kwa kutomwagilia.”

“Na wewe utapandishwa lini, uwe mlinzi wa kutolinda?”

“Mimi huko nilishafika zamani. Muulize aliyeiba toroli.”

Siku hizo jua liliwaka kwelikweli. Ndani ya nyumba ya vioo hewa ilikuwa nzito ya kukatwa kwa kisu. Saa za adhuhuri zilipofika, Mzee Mpira alivuta chandarua, akafungua bomba, akaipoza nyumba kama alivyofundishwa. Hakuna ndoo aliyoigusa. Aliuinamisha mpira, maji yakatambaa chini ya meza, yakafuka mvuke, saruji ikatoa harufu yake. Tena, kwa kuwa meza za utepe mwekundu ziliwekwa upande wa jua kali, upande huo aliongeza. Alipita mara ya kwanza, akarudi, akapita tena. Haya si maji, alijiambia, ni ubaridi tu. Kwa nini alihitaji kujiambia hivyo, hilo hakujiuliza.

Binti hakuwa na habari. Yeye alikuja asubuhi umande haujakauka, akiwa na kibanio na kopo kubwa lililotoa moshi wa baridi. Alikata vipande vya majani, akavitia katika vichupa vidogo, akavizamisha ndani ya moshi ule na kupanda navyo maabara ya ghorofani, asionekane tena mpaka jioni. Moshi wa baridi ulikuwa jambo jingine lililompita Mzee kando. Kitu kikitoa moshi maana yake kinaungua. Aliwahi kulinyooshea mkono kopo lile apashe vidole moto, binti akampigia ukelele ambao hajausahau.

Nyumbani mkewe alimwandalia maji ya kunawa, akamuuliza kama alivyouliza kila siku, “Wale watoto wa kiu wanaendeleaje?”

“Wamekataa kunyauka.”

“Si ndio vizuri?”

“Hapo ndipo naposhindwa kuelewa, mama. Mimi nikiona majani yamesimama moyo unatulia. Mtoto wako akiyaona anakunja uso. Leo kayashika, kayageuza, kaguna, kaondoka hata kuniaga hakuniaga. Mmea ni ule ule mmoja. Sasa mimi naona nini na yeye anaona nini?”

“Labda umri umekuchezea macho.”

“Macho yangu yako sawa. Naona mpaka unavyonicheka.”

Siku ya majibu Mzee Mpira alikuwa ghorofani kwa bahati, amebeba gunia la mchanga ulioagizwa na maabara. Mlango wa Profesa ulikuwa wazi. Profesa alikuwa mtu wa sauti ndogo, hafoki, na ndiyo maana watu walimwogopa zaidi. Binti alisimama mbele ya meza yake, mikono nyuma, wote wawili wakitazama mistari ya rangi kwenye kioo cha kompyuta.

“Wamelala,” alisema Profesa. “Ukoo mzima. Utepe mwekundu na utepe mweupe, mistari inakwenda sambamba kama reli. Sijawahi kuona mahindi yaliyonyimwa maji kwa muda huo yakawa na raha namna hii.”

“Nimerudia kupima, Profesa. Majibu ni hayo hayo.”

“Basi ama umechanganya vichupa, ama kuna mtu ameyamwagilia. Mojawapo. Kama ni la kwanza, sina cha kuwaambia wafadhili.”

Mzee aliteremka ngazi na gunia lake begani, amesahau kulitua.

Alasiri binti alimfuata penye bomba. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa kavu.

“Baba mkubwa, nitauliza mara moja tu. Umeyamwagilia?”

“Hata tone.”

“Hata kwa kuyaonea huruma? Niambie tu, sitakasirika.”

“Mama, tangu lini mimi nikakudanganya? Nikuapie nini? Nimwapie marehemu baba yako?”

“Usimtie baba kwenye mambo haya,” binti akasema, akageuka, akaenda zake.

Kulipokucha ilikuwepo karatasi mlangoni, imebandikwa kwa gundi, herufi kubwa kubwa: MARUFUKU KUMWAGILIA MIMEA YENYE UTEPE MWEKUNDU. Karatasi ile ilimchoma moyo. Mlangoni pa nyumba aliyoitunza tangu vioo vyake havijapigwa hata ufa, ametangazwa kama mwizi. Wafagizi walipita, wakaisoma, wakamtazama. Mlinzi wa geti, aliyezoea kumtania, siku hiyo alimsalimia kwa heshima, na hilo lilimuuma kuliko dhihaka. Aliisoma karatasi kutoka juu mpaka chini, polepole, akitafuta kosa lake ndani yake, hakuliona. Kisha jua likapanda, naye akavuta chandarua na kuipoza nyumba.

Muda ule binti naye alikuwa haelewi kitu. Alikagua vichupa vyote, vibandiko viko sawa. Alichomeka mshale wa kupima unyevu katika ndoo za utepe mwekundu, ukamjibu nusu ya jibu: udongo umekauka, ila umekauka kwa uvivu, kana kwamba mimea haikuwa na haraka ya kunywa. Mtu akimwagilia kwa siri udongo unalowa. Mtu asipomwagilia unakauka. Huu ulikuwa wapi? Kifaa cha kupima hewa ya ndani kilikufa msimu uliopita, na kipya kiliahidiwa tu. Usingizi ulimwisha. Hatimaye akaamua kufanya jambo ambalo wasomi wa siku hizi huliona la mwisho kabisa: kukaa chini na kutazama.

Alikaa kutwa nzima kwenye kona ya nyumba ya vioo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, jasho linamtiririka mgongoni. Adhuhuri mlango ukafunguliwa.

“Kumbe upo,” alisema Mzee Mpira bila furaha. “Unanichunga?”

“Nachunga mahindi, baba mkubwa.”

“Haya, chunga.”

Akavuta chandarua. Akafungua bomba. Akaanzia mlangoni, akarudi nyuma hatua kwa hatua, maji yakienda mbele yake yanang'aa, akaingia upande wa meza za utepe mwekundu, akainama kabisa ili apafikie chini, akapita, akarudi. Mvuke ukapanda taratibu kati ya majani. Binti alisimama. Mdomo ulikuwa wazi.

“Baba mkubwa, unafanya nini?”

“Naipoza nyumba.”

“Huwa unaipoza?”

“Kila mchana. Tangu kabla ya kuzaliwa kwako.”

“Nilikuambia hata tone!”

“Kwenye ndoo! Ndoo gani nimeipa? Ingiza kidole, pima. Hii ni sakafu.” Akaipiga sakafu kwa kisigino, maji yakaruka. “Au sakafu nayo ina ukoo?”

Binti akaanza kucheka. Alicheka akainama, akashika meza, na baadaye Mzee akagundua kwamba kile hakikuwa kicheko tena. Akafunga bomba. Hakujua amshike bega au atoke nje.

“Nisikilize,” binti alisema baada ya kujifuta kwa kiwiko. “Mmea unakunywa kwa chini, lakini anayeyavuta maji ni hewa, kwa juu, kwenye majani. Hewa ikiwa kavu inavuta kwa nguvu, udongo unakauka upesi, mmea unashtuka, waamshaji wanaamka. Hewa ikilowa, inavuta kidogo. Mahindi yangu yamekaa kwenye ukungu wa baridi saa zile zile ambazo yangepata shida. Ulikuwa unayabembeleza. Hakuna aliyeamka kwa sababu hakuna aliyejua kuna ukame.”

Mzee aliitazama sakafu. Maji yaliyotanda juu yake yaliakisi majani ya mahindi, na majani yalikuwa mazuri, mapana, yamesimama. “Kwa hiyo nimeyasaidia.”

“Ndiyo.”

“Na kwa kuyasaidia nimekuharibia wewe.”

“Ndiyo. Hapana. Sijui, baba mkubwa. Mimi ndiye sikukueleza. Ningejuaje kama mnafanya hivi? Hakuna aliyeniambia.”

“Mbona ulikuwa unaniona? Ulipokuwa mdogo ulikaa hapo hapo, unalowanisha viatu, nakugombeza.”

Binti alifikiri, uso ukabadilika. Alikumbuka viatu. Sakafu hakuikumbuka.

Kesho yake walipanda pamoja ghorofani, Mzee amevaa shati lililopigwa pasi na mkewe. Hakupenda kwenda, lakini binti alimwambia kwamba bila yeye Profesa ataamini vichupa vilichanganywa, na huo utakuwa mwisho wake. Basi akasimama mbele ya meza, akaeleza yote, kuanzia chandarua hadi harufu ya saruji. Profesa alisikiliza vidole vimeshikana.

“Kwa nini hukusema mapema, mzee wangu?”

“Niliulizwa kama nimemwagilia mimea. Sikumwagilia.”

“Na nani alikuagiza uloweshe sakafu?”

“Bwana bustani.”

“Bwana bustani yupi? Hatuna bwana bustani.”

“Alishafariki.”

Profesa alimtazama binti, binti akatazama kucha zake. “Yaani,” Profesa alisema kwa sauti yake ile ndogo, “jaribio langu linaendeshwa na marehemu.” Halafu, kwa namna ambayo Mzee hakuitazamia, akatabasamu kidogo. “Angalau sasa nina maelezo ya kuwapa wafadhili. Mtu aliyechanganya vichupa hapewi nafasi nyingine. Mtu ambaye hewa yake ilichezewa anaweza akapewa. Nitakuombea chumba kule chuo kikuu, binti, kile kilichofungwa, chenye mitambo ya hewa. Msimu haujaisha. Panda leo. Ila asiingie mtu mwingine humo.” Akamgeukia Mzee. “Hasa wewe, mzee wangu. Usichukie.”

Mzee alisema hakuchukia. Kwa kweli hakujua kama amechukia. Aliteremka ngazi akijaribu kupanga mambo: amemharibia, kisha maneno yake mwenyewe yakamwokoa, lakini kama asingemharibia asingehitaji kuokolewa, na mahindi, ambayo ndiyo pekee yaliyofurahi katika habari yote, yalikuwa yanang'olewa wakati huo huo na kutupwa shimoni. Kila alipoanza hesabu hiyo ilimrudisha alikoanzia. Alipomsimulia mkewe, mkewe akasema, “Umemkwaza, umemdaka. Kula chakula.”

Binti alihamia chuoni. Kituoni walileta mafeni makubwa na vidude vinavyopima hewa na kunyunyiza vyenyewe, vinavyoendeshwa na mtu aliyekaa mbali, mbele ya simu yake. Mzee alipewa kazi ya kufagia majani nje. Sakafu ya nyumba ya vioo ikapakwa rangi ya kijivu, na rangi ile ukiimwagia maji haitoi harufu yoyote. Nani leo anajua kwamba saruji iliyolowa vizuri ina harufu? Atafundishwa na nani? Bwana bustani alifundisha kwa kufoka, na anayefoka siku hizi anaitwa kwenye semina.

Tangu hapo Mzee na binti walionana mara moja tu. Binti alimaliza masomo, akaitwa Daktari kihalali, akapata kazi ng'ambo katika maabara isiyo na dirisha, na huwapigia simu Mzee na mama mkubwa wake, wakaonana nyuso tu, uso wa Mzee umekatwa kwenye paji kwa sababu hajui kuishika simu. Hiyo mtu akiita kuonana ni hiari yake. Kuonana kwenyewe, kwa macho haya, kulikuwa siku ile Mzee alipokwenda chuoni kumpelekea sweta alilofumiwa na mama mkubwa, kwa kuwa binti alisema kwenye mitambo kuna baridi.

Walimwelekeza ukumbini, mlango wa mwisho. Ulikuwa mlango mnene wa chuma wenye kioo kidogo, na nyuma yake mitambo ilinguruma kama tumbo lenye njaa. Alisogeza uso. Ndani taa zilikuwa nyeupe kupita kiasi, na chini yake zimepangwa ndoo nyeusi. Zenye utepe mweupe zilisitawi. Zenye utepe mwekundu zilikuwa taabani: majani yamejisokota kama sigara, yameinama, mengine yamegeuka rangi ya jivu, hali ambayo enzi zake mtu angetupa kila kitu na kukimbilia bomba. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye kitasa. Kilikuwa kimefungwa.

Binti alikuwa amepiga magoti kati ya ndoo, koti jeupe, kibanio mkononi. Alipoinua kichwa na kumwona, alisimama upesi, akaja mpaka kwenye kioo. Alikuwa amekonda. Alisema kitu, lakini mlango haukupitisha sauti. Akayaonyesha yale mahindi yaliyojisokota, akanyoosha kidole gumba, akacheka kwa meno yote, akarukaruka mahali pale pale kama mtoto, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta.

Mzee Mpira alimtazama yeye, akayatazama mahindi, akamtazama tena yeye. Hakujua ampe pole au ampe hongera. Aliinua sweta juu, alione. Akaliacha kwenye kiti cha ukumbini, akampungia mkono, wala hakuondoka mpaka binti alipogeuka na kurudi kupiga magoti katikati ya mimea yake inayokauka.